Kibarua Hakuulizwa

Mwishoni mwa mwaka 1891 hojaji zaidi ya 3,000 zilianza kusambazwa katika wilaya za kilimo za Ujerumani. Zilitaka kujua habari za vibarua wa mashambani: wanalipwa nini na kwa utaratibu gani, wanakaa nyumba ya nani, wana kipande cha kulima viazi au hawana, wake zao wanaitwa shambani siku ngapi, vijana wao wanabaki kijijini au wanakimbilia mjini. Zaidi ya 2,000 zilirudi zikiwa zimejazwa. Kwa zama zile hayo yalikuwa mavuno makubwa. Hata hivyo, aliyeshika kalamu hakuwa kibarua. Hojaji zilipelekwa kwa wenye mashamba. Bwana aliulizwa habari za mtumishi wake, naye akajibu kwa niaba yake.

Majibu ya mikoa iliyo mashariki ya mto Elbe alikabidhiwa mwanasheria kijana wa miaka 27, Max Weber. Katika muda wa miezi michache aliyageuza kuwa kitabu cha kurasa karibu 900, kilichotoka mwaka 1892. Wanafunzi wetu wa vyuo vikuu wanamjua Weber kwa hoja yake ya Uprotestanti na ubepari, au kwa maelezo yake ya urasimu. Weber huyu wa mwanzo, aliyejifungia na rundo la karatasi za mabwanyenye akilinganisha ujira na vipimo vya nafaka, hawakutani naye mara nyingi. Mimi naona huyu ndiye anayetufungulia mlango. Sosholojia ya Ujerumani ina sifa ya kuwa elimu ya nadharia nzito, vitabu vinene na sentensi zisizokwisha. Lakini pembeni ya nadharia hizo kuna historia nyingine, ya watu waliogonga milango, waliochapa maswali na kuhesabu majibu. Ukiifuata historia hiyo, utaona inarudi kila mara kwenye jambo moja: ni nani anayeulizwa, na ni nani anayejibia wengine.

Kwa nini waliulizwa mabwana? Waliopanga utafiti ule walikuwa wanachama wa Verein für Socialpolitik, chama cha wasomi na maofisa kilichoundwa mwaka 1873. Viwanda vilikuwa vinakua haraka, wafanyakazi walikuwa wamejaa mijini, na wasomi hao walihofia kwamba serikali isipofanya mageuzi, tofauti kati ya matajiri na maskini ingeipasua nchi. Kwao utafiti ulikuwa njia ya kumpa waziri taarifa za kutungia sheria. Mtu wa kuaminika kwa taarifa za namna hiyo alikuwa mwenye shamba, mchungaji, daktari, ofisa wa wilaya. Mfanyakazi alidhaniwa kuwa hajui, na akijua, atatia chumvi. Tayari serikali zilikuwa na ofisi za takwimu zilizofanya kazi nzuri. Mwaka 1857 Ernst Engel, mkuu wa takwimu wa Saxony, alichambua matumizi ya familia za wafanyakazi akaonyesha kwamba kadiri familia inavyokuwa maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kipato chake inavyokwenda kwenye chakula. Kanuni hiyo bado inafundishwa, na bado inatumika kupimia umaskini. Takwimu zilikuwapo, basi. Kilichokosekana ni sauti ya mwenye njaa.

Karl Marx alilihisi pengo hilo. Mwaka 1880, akiwa uhamishoni London, alitunga orodha ya maswali 101 kwa ajili ya wafanyakazi wa Ufaransa, ikachapwa nakala 25,000. Majibu yaliyorudi yalikuwa haba. Maswali yenyewe yalikuwa marefu mno kwa mtu aliyetoka kazini saa mbili usiku, na mengine yalikuwa yamebeba jibu ndani yake.

Tumrudie Weber. Ndani ya majibu ya mabwana aliona jambo ambalo wao wenyewe hawakulikusudia. Zamani familia ya kibarua wa mashariki ilifungwa kwa mkataba wa mwaka: ilipewa nyumba, kipande cha ardhi, malisho, na fungu la nafaka iliyopurwa. Mwaka mzuri kwa bwana ulikuwa mzuri kwa kibarua, na ukame uliwapiga wote. Kisha mashamba yakageuka biashara. Viazisukari viliingia, fungu la nafaka likabadilishwa kuwa fedha, na wafanyakazi wa msimu kutoka Polandi wakaletwa wakati wa mavuno na kurudishwa kwao majira ya baridi yalipofika. Vibarua Wajerumani wakaanza kuondoka. Wengine waliacha sahani iliyojaa wakaenda mjini kutafuta ujira usio na uhakika. Weber akahitimisha kwamba waliokuwa wanaondoka walikuwa wanalikimbia jina la mtumishi. Walitaka uhuru, hata kama uhuru huo ungewaacha na njaa.

Ni hitimisho zito, na nadhani ni sahihi. Lakini lilitoka kwenye kalamu za mabwana, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Weber aliujua udhaifu huo. Mwaka uliofuata aliungana na mchungaji Paul Göhre kupanga utafiti mwingine. Safari hii hojaji zipatazo 15,000 zilipelekwa kwa wachungaji wa Kiprotestanti, wakiombwa wazungumze na vibarua wenyewe. Zilirudi kama 1,000. Ilikuwa hatua mbele, ingawa hata mchungaji wa kijijini mara nyingi alikula kwa hisani ya mwenye shamba.

Göhre mwenyewe alikuwa ameshalala juu ya kitanda hicho. Mwaka 1890, akiwa mhitimu wa theolojia, alivaa nguo chakavu akaomba kazi katika kiwanda cha mashine huko Chemnitz. Alifanya kazi miezi mitatu bila kujitambulisha, akaandika alichokiona, na kitabu chake cha mwaka 1891 kikasomwa sana. Baada yake alikuja Marie Bernays, mmoja wa wanawake wa kwanza kuingia kwenye utafiti wa aina hii. Mwaka 1908 aliajiriwa kama mfanyakazi wa kawaida katika kiwanda cha kusokota nyuzi huko Mönchengladbach, kisha akajitambulisha kwa mkurugenzi na kuruhusiwa kutumia kumbukumbu za kiwanda. Mwaka huohuo Weber alikaa Oerlinghausen, kwenye kiwanda cha kitani cha ukoo wake, akifuatilia mfumaji anazalisha kiasi gani siku kwa siku na nini kinapandisha au kushusha mkono wake.

Lakini aliyenivutia zaidi katika kipindi hiki hakuwa msomi wa chuo kikuu. Adolf Levenstein alikuwa mfanyakazi aliyejisomesha mwenyewe. Kati ya mwaka 1907 na 1911 alisambaza hojaji 8,000 kwa wachimba migodi, wafumaji na mafundi chuma, akipitia marafiki na marafiki wa marafiki. Zilirudi 5,040. Linganisha na wale wachungaji. Na maswali yake! Aliuliza kuhusu ujira na saa za kazi, kama ilivyotarajiwa, lakini pia aliuliza: unawaza nini ukiwa kazini? Ungenunua nini kama ungekuwa na fedha? Unamwamini Mungu? Unakwenda msituni mara kwa mara, na ukilala pale chini, kimya kimekuzunguka, unafikiri nini? Hakuna waziri aliyehitaji kujua mchimba mkaa anafikiri nini akilala chini ya miti. Swali hilo linaulizwa na mtu anayejua kwamba mchimba mkaa ana nafsi. Weber aliandika kuhusu kazi hiyo mwaka 1909, akimhimiza Levenstein asiishie kuchapisha barua za kusisimua bali ayahesabu majibu na kuyapanga. Kitabu kilitoka mwaka 1912.

Hapa inabidi nigeukie pwani yetu kidogo, kwa sababu hojaji za Kijerumani zilifika huku pia. Mwaka 1897 mwanasheria Josef Kohler wa Berlin alichapisha orodha ya maswali kuhusu sheria na mila za watu wa makoloni: ndoa, urithi, deni, ardhi, adhabu. Waliopaswa kuijaza walikuwa maofisa wa serikali na wamisionari. Utaratibu ni uleule wa mashariki ya Elbe, ila umevuka bahari: mtawala anaulizwa habari za mtawaliwa. Kando ya utaratibu huo likatokea jambo tofauti. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, aliandika kwa kalamu yake maelezo ya kina ya maisha ya Waswahili, tangu kuzaliwa hadi kuzikwa. Kitabu, *Desturi za Wasuaheli*, kilitoka Göttingen mwaka 1903 chini ya jina la Carl Velten. Hakuna hojaji ya Kohler iliyotoa kitu kinachokaribia kazi ile kwa uhai na usahihi. Aliyejibu alikuwa anajieleza mwenyewe, kwa lugha yake, na swali lilikuwa pana kiasi cha kumwacha aseme.

Chama cha wanasosholojia wa Ujerumani kiliundwa Berlin mwezi Januari 1909, kikafanya kongamano lake la kwanza Frankfurt mwaka 1910. Mwenyekiti alikuwa Ferdinand Tönnies. Weber alikuja na pendekezo kubwa: chama kiyachunguze magazeti, na watu wachukue mkasi na bikari kupima jinsi kurasa zilivyobadilika katika kizazi kimoja, tangazo limechukua nafasi gani, habari nafasi gani. Mradi haukufika popote. Mabishano yalihamia kwenye suala la kama mwanasayansi anaruhusiwa kutoa hukumu za maadili. Mabishano hayo yana umuhimu wake, ila yalikula nguvu nyingi ambazo zingeweza kwenda kwenye kazi ya mkasi.

Mwaka 1923 ilianzishwa Frankfurt Taasisi ya Utafiti wa Jamii, kwa fedha za familia ya Weil iliyotajirika kwa biashara ya nafaka Argentina. Hapa ndipo, mwaka 1929, ulipoanza utafiti ambao nauona kuwa wa maana kuliko mwingine wowote katika historia hii. Aliyeuongoza alikuwa Erich Fromm, mchambuzi wa nafsi aliyefuata njia ya Freud, na aliyeusimamia uwandani alikuwa Hilde Weiss. Walitaka kujua hivi: vyama vya wafanyakazi vya Ujerumani vilikuwa na mamilioni ya wapiga kura. Likitokea jaribu, je, watu hao watasimama? Au wanaimba nyimbo za uhuru mkutanoni, kisha wakifika nyumbani ni watu wa fimbo na amri?

Ukimwuliza mtu swali hilo moja kwa moja, atakupa jibu la chama chake. Kwa hiyo Fromm alizunguka. Hojaji ilikuwa na maswali 271, na ilisambazwa kwa watu 3,300. Ndani yake kulikuwa na maswali ya siasa: nani ana mamlaka ya kweli nchini, vita ijayo itazuiwaje, nani alisababisha mfumuko wa bei. Lakini kati ya hayo yaliwekwa mengine yanayoonekana madogo. Una picha gani ukutani? Unapenda wanawake wakikata nywele fupi? Unaonaje mwanamke akijipaka poda, manukato na rangi ya midomo? Je, inawezekana kumlea mtoto bila kumpiga kabisa? Watu gani unawaona kuwa wakubwa katika historia?

Ustadi wake uko hapo. Kwenye swali la mamlaka nchini, mwanachama wa chama cha wafanyakazi alijua la kuandika. Alikuwa amelisoma gazetini jana yake. Kwenye swali la rangi ya midomo hakukuwa na msimamo wa chama. Pale mtu aliandika kinachomtoka. Na majibu hayakukatwa kuwa ndiyo na hapana. Yalinukuliwa neno kwa neno, kisha yakasomwa jinsi daktari wa nafsi anavyomsikiliza mgonjwa: neno alilolichagua, ukali alioutumia, mahali aliporuka bila kujibu. Mtu aliyeandika kuwa mtoto asiyechapwa hataheshimu mtu, na papo hapo akaandika kuwa mamlaka yote yawe ya umma, alikuwa ameonyesha watu wawili ndani ya kifua kimoja.

Hadi mwishoni mwa mwaka 1931 zilikuwa zimerudi hojaji 1,100. Nyingi zilitoka kwa wafuasi wa vyama vya mrengo wa kushoto. Wafuasi wa Hitler walikuwa wachache mno. Picha iliyojitokeza ilitisha. Waliokuwa na msimamo mmoja tangu siasa hadi malezi ya mtoto walikuwa sehemu ndogo tu. Wengi walikuwa na imani ya kushoto iliyokaa juu juu, na chini yake tabia ya kutii mkubwa na kumbana mdogo. Watu hao, Fromm aliona, wasingemshangilia Hitler lazima, ila wengi wao wasingepigana naye pia.

Mwezi Machi 1933 polisi walifunga jengo la taasisi. Watafiti walikuwa wameanza kuondoka, kwanza Geneva, kisha New York, ambako Chuo Kikuu cha Columbia kiliwapa nafasi mwaka 1934. Katika kuhama huko karibu nusu ya hojaji zilipotea. Zilibaki 584. Huko ugenini walizichambua, wakabishana kuhusu udhaifu wa sampuli, na mkurugenzi Max Horkheimer akasita kuzichapisha. Fromm aliachana na taasisi mwaka 1939. Utafiti kamili ulitoka Ujerumani mwaka 1980, zaidi ya nusu karne baada ya swali la kwanza kuulizwa. Wale mafundi na makarani waliojaza karatasi zile jioni, mezani, walikuwa wameandika onyo kuhusu nchi yao, na nchi yao haikulisoma kwa wakati.

Fromm alipokuwa bado anakusanya hojaji zake, huko Austria kikundi cha vijana kilikuwa kinafanya kazi nyingine kwa Kijerumani. Marienthal, kijiji cha watu 1,486 karibu na Vienna, kiliishi kwa kiwanda kimoja cha nguo, nacho kilikuwa kimefungwa. Paul Lazarsfeld, Marie Jahoda na Hans Zeisel walifika na kikosi chao mwishoni mwa mwaka 1931, na walijiwekea sharti: hakuna kwenda pale kutazama tu, kila mtu awe na la kuwafaa wenyeji. Wakagawa nguo, wakaleta madaktari, wakafundisha kukata mitindo ya nguo, na katika kazi hizo wakasikia na kuona. Mmoja alisimama dirishani akihesabu waliopita barabara kuu. Karibu theluthi mbili ya wanaume walisimama angalau mara mbili njiani; mmoja tu kati ya kumi alifika aendako bila kusimama. Wanawake walipita haraka, maana mshahara wao ulikoma ila kufua, kupika na kushona viliendelea. Vitabu vya maktaba viliazimwa kidogo kuliko zamani, ingawa ada iliondolewa na muda wa kusoma ulikuwa tele. Wengi walidhani kukosa kazi kutazaa mapinduzi. Kijiji kilionyesha kwamba kunazaa uchovu. Kitabu kilichapwa Leipzig mwaka 1933 bila majina ya waandishi juu yake, kwa kuwa yalikuwa majina ya Kiyahudi.

Tönnies alifukuzwa kazi mwaka huo, akiwa na miaka 78. Wengi walikimbia. Lakini si kweli kwamba Wanazi waliua utafiti wa jamii, waliutumia. Idara ya usalama ya SS ilikuwa na watu wa kusikiliza foleni za mkate, baa na makanisa, wakiandika ripoti za siri za hali ya wananchi. Na katika sensa ya Mei 1939 iliongezwa kadi ya pembeni iliyomtaka kila mtu ataje kama babu na bibi zake walikuwa Wayahudi. Tangu hapo hakuna mtafiti Mjerumani anayeweza kusema kwamba swali ni swali tu. Karatasi ile ilifungwa kwenye bahasha, ikapelekwa ofisini, na aliyejibu ukweli aliweka jina lake mikononi mwa wauaji.

Baada ya vita waliouliza kwanza walikuwa washindi. Jeshi la Marekani lilifanya uchunguzi wa maoni mara kwa mara katika eneo lake, na karibu nusu ya waliohojiwa walikuwa bado wanasema Unazi ulikuwa wazo zuri lililotekelezwa vibaya. Makampuni ya maoni ya Kijerumani yakafuata, mojawapo lile la Allensbach la mwaka 1947, lililoanzishwa na Elisabeth Noelle-Neumann, ambaye katika miaka ya vita aliandikia magazeti ya utawala ule.

Kati ya kazi za miaka hiyo ya njaa kuna moja inayotuhusu kwa njia ya ajabu. Hilde Thurnwald alikuwa Tanganyika mwaka 1930 na 1931 pamoja na mumewe, Richard Thurnwald, na katika kitabu chao cha mwaka 1935 kuhusu mabadiliko ya Afrika Mashariki sehemu ya wanawake aliiandika yeye. Kati ya mwaka 1946 na 1947 macho yaleyale yaligeukia jiji lake. Alisimamia utafiti wa familia 498 za Berlin: wanakula nini, wanalala wangapi chumba kimoja, mkaa unatoka wapi, nini kinatokea mume anaporudi kutoka mateka akiwa amedhoofu na kumkuta mke aliyekwisha kuzoea kuongoza nyumba peke yake. Mwanamke aliyejifunza kuuliza habari za ndoa na chungu huku kwetu, alikwenda kuuliza habari hizohizo kwenye magofu ya mji mkuu wa iliyokuwa dola yetu ya kikoloni. Napenda sana kwamba hilo lilitokea.

Horkheimer na mwenzake Theodor Adorno walirudi Frankfurt. Majira ya baridi ya mwaka 1950 na 1951 taasisi yao ilifanya jaribio la kusikiliza kwa namna nyingine. Hoja yao ilikuwa kwamba maoni hayakai tayari kichwani kama funguo mfukoni. Hutengenezwa watu wanapozungumza, na mtu mmoja mbele ya karani atasema linalopendeza. Kwa hiyo waliwaweka watu katika vikundi vidogo, zaidi ya 1,600 kwa jumla, wakawapa majina ya bandia, wakawasha kinasa sauti na kuwasikilizisha barua. Ilidaiwa kuandikwa na askari mgeni aliyekaa Ujerumani. Ilikuwa imetungwa na watafiti. Iliwasifu Wajerumani kwa bidii, kisha ikasema hawataki kukumbuka waliyoyafanya. Mazungumzo yakalipuka. Hatukujua. Wengine nao walitupiga mabomu. Mtu mdogo angefanya nini? Adorno alisoma maelfu ya kurasa za maneno hayo akaonyesha jinsi mtu anavyojikinga na hatia anayoijua: angekuwa hajui kitu, asingekuwa na cha kukikinga kwa nguvu vile. Mwanasaikolojia Peter Hofstätter alimshutumu kwamba anawatia watu maneno ya moyoni wasiyoyasema. Shutuma hiyo ina uzito, na inamgusa Fromm pia. Ukishaanza kusoma kilicho chini ya jibu, nani atakuzuia usisome unachokitaka? Hata hivyo, kati ya kosa la kusikia mengi mno na kosa la kuhesabu ndiyo na hapana kisha kwenda zako, kwa nchi iliyotoka kule ilikotoka, mimi namsamehe Adorno.

Mabishano hayo yalipanda jukwaani Tübingen mwaka 1961, Adorno akikabiliana na mwanafalsafa Karl Popper kuhusu mantiki ya sayansi za jamii. Huko Cologne, kwa upande wake, mwanasosholojia René König alikuwa anawafundisha wanafunzi wake sampuli, usaili na majedwali, na kwa kazi za kila siku njia yake ndiyo iliyoshinda.

Kisha walioulizwa wakaanza kukataa. Serikali ya Ujerumani Magharibi ilipopanga sensa mwaka 1983, wananchi wengi sana walitangaza kwamba hawatajaza. Mahakama ya Katiba iliisimamisha, na tarehe 15 Desemba ikatamka kwamba kila mtu ana haki ya kuamua habari zake zitumike vipi. Sensa ilifanyika mwaka 1987, baada ya sheria yake kuandikwa upya. Upande wa mashariki mambo yalikwenda kinyume. Chama tawala kilikuwa na taasisi yake ya kupima maoni tangu mwaka 1964; mwaka 1979 uongozi wa Honecker uliifunga na kuagiza kumbukumbu zake ziharibiwe. Wananchi waliulizwa maoni, kisha majibu yao yakaogopwa.

Mwaka 1984 ulianza Ujerumani Magharibi utafiti unaorudi kwa kaya zilezile kila mwaka, ukianza na kaya karibu 6,000. Kaya za wahamiaji waliokuja kufanya kazi viwandani, Waturuki, Wagiriki, Wayugoslavia, Waitaliano na Wahispania, zilichaguliwa kwa wingi wa makusudi, na maswali yakatafsiriwa kwa lugha zao. Juni 1990, ukuta umeshaanguka lakini nchi mbili bado hazijaungana, wahojaji wa utafiti huo waliingia Ujerumani Mashariki na kugonga milango ya kaya zaidi ya 2,000. Waliuliza kuhusu kazi, kodi ya nyumba, kipato. Mwishoni waliuliza swali ambalo huulizwa kila mwaka, na kila anayehojiwa hulijibu mwenyewe kwa namba kutoka 0 hadi 10: kwa ujumla, unaridhika kiasi gani na maisha yako? Mwaka uliofuata walirudi kwenye milango ileile, wakauliza tena.